Sehemu ya Kumi ya Hekta

Wiki ile mtaa mzima ulijua kwamba Fundi amemwita mpimaji wa ardhi, kwa sababu aliwaambia yeye mwenyewe. Aliyekuja kuchukua sketi aliambiwa. Aliyekuja kubadilishiwa zipu aliambiwa. Hata mzee mmoja aliyesimama kuuliza njia tu, hana habari na zipu wala na ardhi, aliondoka akijua kwamba Jumanne kuna mtu anakuja na mashine ya miguu mitatu kupima kilima cha marehemu baba, na kwamba baada ya hapo kila mtoto atashika hati yake mkononi na maneno yataisha.

Maneno gani? Nyumba yenye watu wengi haikosi maneno. Nyumba ya marehemu ilikuwa chini ya kilima, na ndani yake aliishi kaka mkubwa, dereva wa lori, ambaye watu walimwita Breki kwa sababu hakuwahi kuharakisha jambo lolote isipokuwa kula. Alikuwa na mke na watoto sita. Mama mkwe wake alikuja kuuguza goti, goti likapona, yeye akabaki. Juu ya hao wote kulikuwa na Fundi, dada mtu, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda, cherehani kichwani, nguo zake kwenye mfuko mmoja. Mchana alishona barazani. Usiku alilala stoo, katikati ya gunia la mkaa na matairi ya Breki, na mgeni akija, stoo anapewa mgeni, Fundi anahamia kwa watoto wa kike, wanne kitanda kimoja, miguu ya huyu puani kwa yule.

Wifi yake hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwambia ondoka. Ila alikuwa na namna yake ya kufagia baraza. Ufagio ukifika kwenye cherehani unasita, unagonga mguu wa chuma, ko, ko, halafu unasubiri.

"Fagia tu, wifi," Fundi anasema, anainua miguu.

"Aa, usijisumbue, wifi. Nitafagia ukiondoka."

Ukiondoka. Siku nzima neno hilo linakaa pale barazani kama mteja asiyelipa.

Lakini Fundi alikuwa na pa kuondokea, na hilo ndilo lililomfanya avumilie ufagio. Alikuwa na kiwanja cha juu.

Marehemu baba alikuwa mchukuzi sokoni. Maisha yake yote alibeba mizigo ya watu, na akiba yake yote akaitia kwenye kile kilima, kwa sababu mlima ulikuwa rahisi na tambarare ilikuwa ya wenye nazo. Alipoona pumzi inamuishia, alichukua kamba yake ya nailoni ya kufungia mizigo, akamwita binti yake, akamwambia, "Lete tepu yako." Wakaketi barazani, baba na binti, tepu ya cherehani mapajani, wakafunga fundo kila mita. Kisha wakapanda kilima. Fundi alishika ncha moja, baba akapanda na nyingine, wakailaza kamba ardhini, juu ya nyasi na mawe, wakaisogeza kama watu wanaomlaza mgonjwa. Baba alijua kwamba hekta ni mita mia kwa mita mia, na kwamba ofisi ya ardhi haitoi hati kwa kiwanja kisichofika sehemu ya kumi ya hekta, yaani mita za mraba elfu moja. Aliuliza mwenyewe sokoni, kwa watu waliosoma. Kwa hiyo akagawa vipande vitatu, kila kimoja upana hamsini, na kwenda juu mita ishirini na mbili, ili kila mtoto avuke elfu moja na kubaki na ziada kidogo.

Cha chini, chenye nyumba, kilikuwa cha Breki. Cha katikati kilikuwa cha mdogo wao wa mwisho, Kitinda, aliyepanga vyumba viwili ng'ambo ya mji na kupanda mahindi pale mwishoni mwa wiki. Na cha juu kilikuwa cha Fundi. Walipofika kwenye fundo la ishirini na mbili, baba hakusimama. Aliendelea kupanda, anatweta, magoti yanamcheza, akasogea mafundo mawili zaidi.

"Baba, tumefika."

"Najua tumefika. Hizi mbili ni za mabakuli ya dawa uliyonishikia."

Ndiyo maana kiwanja cha Fundi kwa kamba kilikuwa kikubwa kuliko vya kaka zake. Kila mtu alilijua hilo, na wifi alilijua kuliko wote.

Juu kabisa palikuwa na kitako cha tambarare ambacho baba alikilima kwa jembe, pa kutosha chumba na kibaraza. Fundi alikuwa ameshaanza kupeleka matofali. Hakuwa na punda wala kijana. Alipeleka mwenyewe, matatu matatu kwenye beseni, asubuhi kabla wateja hawajaja, anapanda kwa mikono na miguu mahali ambapo kilima kinasimama kama ukuta. Watu wa chini walimwona na kumpigia kelele, "Fundi, unamjengea nani kiota?" naye anajibu bila kugeuka, "Najijengea mimi, na wewe hutaalikwa!" Rundo lilikuwa limefika kiunoni. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuweka msingi, karatasi yenye jina lake. Baba amekufa, kamba haisemi, na ufagio wa wifi unazidi kugonga.

"Mambo ya karatasi ya nini?" Breki alisema. "Tumekaa vizuri tu."

"Wewe ndiye uliyekaa vizuri, kaka. Mimi nimelala na tairi."

Watu waliokuwa barazani walicheka, na Breki mwenyewe akacheka, na kwa kicheko hicho akakubali. Kitinda alipopigiwa simu alisema, "Dada akisema ndiyo, mimi nani?"

Jumanne ikafika. Mpimaji alikuwa mtu wa makamo, kofia pana, mdomo mwepesi, na msaidizi wake alibeba fimbo ndefu yenye kioo. Nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Muuza mkaa wa pale kona aliinama mbele ya mashine.

"Hii ni kamera?"

"Inapiga picha ardhi," mpimaji akasema. "Toka hapo, utaandikiwa kiwanja na wewe."

"Basi niandikie kile cha bondeni, mzee, kile chenye maji!"

Fundi alikuwa amevaa gauni alilojishonea kwa siku hiyo. Alitembea na mpimaji kila pembe, akamwonyesha mawe aliyoweka baba, akamsaidia kupanda kule juu kwa kumsukuma mgongoni, huku watu chini wanashangilia kama wako uwanjani. Wifi alipika chai ya wote. Hata mama mkwe alitoka na goti lake. Ilikuwa kama arusi isiyokuwa na bwana wala bibi.

Saa za chai wakakusanyika barazani, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mpimaji alisukuma makasi kando, akaweka karatasi yake, akabonyeza mashine ndogo ya hesabu, akanywa chai, akabonyeza tena.

"Cha chini," akasema. "Mita za mraba elfu moja sitini na mbili."

Breki akapiga meza. "Safi!"

"Cha katikati, elfu moja thelathini na nne."

Kitinda akamkumbatia dada yake kwa mkono mmoja.

"Cha juu." Mpimaji akaangalia karatasi, kisha akamwangalia Fundi. "Mia nane arobaini na nane."

Fundi alikuwa wa kwanza kucheka. "Umesahau kipande. Umechoka na kupanda, ukasahau kipande. Rudi juu."

"Sijasahau, mama. Nimepima mara mbili."

"Changu ndicho kikubwa! Muulize yeyote hapa. Kaka, si changu ndicho kikubwa?"

Breki akaangalia chai yake.

Fundi aliingia stoo akatoka na kamba ya baba. Akamshika mpimaji mkono kama mtoto mtoro wa shule, akampandisha tena, na mtaa nyuma yao. Wakalaza kamba ardhini kutoka jiwe la chini hadi jiwe la juu. Fundi alihesabu mafundo kwa sauti, na watu wakahesabu naye, na walipofika ishirini na nne wakapiga makofi.

"Umeona?" Fundi alikuwa anahema. "Nani mwongo, baba yangu au mashine yako?"

"Hakuna mwongo," mpimaji akasema kwa upole. "Kamba imesema kweli. Ila kamba imepanda mlima. Sisi hatupimi mlima. Ardhi hupimwa kwa mlalo, kama unaitazama kutoka juu angani. Hekta ya kwenye karatasi imelala chali kama meza. Mteremko hauhesabiwi."

"Hauhesabiwi? Na jembe langu je, linalima mlalo? Mimi mtu akija hapa na makalio, napima juu ya makalio. Sipimi kivuli chake ukutani!"

Watu waliangua kicheko, muuza mkaa akajishika mbavu. Mpimaji pia alitabasamu. Waliporudi barazani, alinyoosha mkono akatoa kwenye kamba ya nguo sketi iliyokuwa inasubiri mwenyewe, sketi ya marinda.

"Hii umeshona wewe?"

"Mimi."

"Kitambaa chake mita ngapi?"

"Mita tatu. Marinda yanakula kitambaa."

"Na kiuno?"

Fundi akayashika marinda kwa vidole. Alikuwa ameshaelewa. Alielewa kabla ya Breki, kabla ya Kitinda, kabla ya wale wote waliokuwa bado wanafuta machozi ya kicheko. Katika maisha yake alikuwa amekunja marinda mengi mno, asingeweza kukosa kuelewa.

"Sentimita sabini," akasema.

"Ndiyo hivyo, mama. Kitambaa chote kipo, hakuna aliyekiiba. Lakini ofisi inaandika kiuno."

Vile viwili vya chini vilikuwa na mteremko mdogo, ndiyo maana vilipoteza kidogo. Cha juu kilisimama wima, na kadiri kilivyosimama ndivyo kilivyoliwa. Zile mita mbili za baba, alizozipanda kwa magoti yanayocheza, zilikuwa mahali pakali kuliko pote.

"Sasa tufanyeje?" Kitinda akauliza.

Mpimaji alikuwa ameshapiga hesabu. Kiwanja kisichofika sehemu ya kumi ya hekta hakipati hati, hiyo hakuitunga yeye. Hata kaka wote wawili wakimpa dada yao kila mita inayozidi elfu moja kwenye vyao, bado hakifiki. Kilima kizima, kikilazwa chali, hakitoshi watoto watatu. Kinatosha wawili.

Hakuna aliyecheka tena. Wageni walianza kukumbuka shughuli zao, mmoja mmoja. Muuza mkaa akasema moshi utakuwa umezidi, ingawa hakuwa amewasha kitu.

"Njia ipo moja," mpimaji akasema wakati msaidizi anafunga miguu mitatu ya mashine. "Cha juu kiunganishwe na cha katikati, kiwe kimoja. Hati moja, majina mawili. Ndugu wengi wanafanya hivyo."

Fundi akamgeukia Kitinda.

Huyu Kitinda alikuwa mchanga wa kunyonya mama yao alipokufa. Fundi ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye dukani, kisimani, kila mahali, mpaka wasichana wenzake wakamwita mama kabla hajafika umri wa kuitwa dada. Shati lake la kwanza la shule lilishonwa kwa gauni la Fundi.

"Dada," Kitinda akasema, "unaniangalia hivyo kwa nini? Ni jambo la kuuliza hilo? Wewe si umenibeba mgongoni? Majina mawili. Hata lako litangulie langu."

Fundi akalia mbele za watu. Wifi akamletea kanga ajifute, na siku hiyo jioni hakufagia.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, kama miezi ya mtu anayengojea inavyoweza kuwa mizuri. Fundi alipeleka matofali. Sasa alipanda akiimba. Alimshonea Kitinda suruali ya kwendea ofisini, na mkewe Kitinda blauzi, bila kudai kitu. Kila akipiga simu, Kitinda anasema jambo linakwenda. Mara afisa amesafiri. Mara mfumo umegoma. Fundi akasema, "Niambie siku, nije niweke kidole changu," naye akajibu, "Usihangaike na foleni, dada, miguu yako imechoka na kilima. Nitakuletea karatasi usaini hapohapo kwenye cherehani."

Karatasi haikuja. Ilikuja habari, na ililetwa na mteja.

Alikuwa mwanamke mmoja mnene mchangamfu, mumewe mlinzi wa mlangoni pale ofisi ya ardhi, na hakuna kilichopita mlango ule bila kufika barazani kwa Fundi. Alisimama mikono juu, Fundi anampima kifua, sindano mdomoni.

"Hongera ya mdogo wako," akasema.

"Ya nini?"

"Si amechukua hati? Mume wangu kamwona, mwezi uliopita, yeye na mkewe, wanapiga picha nayo pale nje kama wamepata mtoto. Nikasema nitakunywa soda kwa Fundi."

Fundi akatoa sindano mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha sindano. "Majina mawili?" akauliza.

"Mawili ndiyo. Lake na la mkewe."

Yule mwanamke alikuwa bado ameinua mikono. Aliiteremsha polepole. "Hukujua," akasema.

Fundi alikwenda ng'ambo ya mji kwa miguu, tepu bado shingoni. Mke wa Kitinda alifungua mlango, amevaa ile blauzi, akasema, "Shemeji yuko..." akakosea hata jina la kumwita wifi yake, akarudi ndani. Kitinda akatoka, akavuta mlango nyuma yake, wakazungumza kwenye ujia kati ya nguo mbichi za wapangaji.

"Dada, ile ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, jina langu lilikosa nafasi?"

"Wewe upo palepale. Nani atakutoa? Jenga chumba chako, kaa. Mimi nimekuzuia?"

"Hujanizuia. Nimekuuliza jina."

Kitinda alikuwa anachezea kibanio cha nguo, anakifungua, anakifunga. "Walisema ukiweka majina ya ndugu, kesho ukitaka kufanya jambo lazima nyote msaini. Na mama watoto akasema... Dada, wewe ulishaolewa ukarudi. Ukiolewa tena? Mume wako aje atuambie nini juu ya kilima cha baba?"

"Mimi na umri huu?"

"Sijasema utaolewa. Nasema wanasheria ndivyo wanavyofikiri."

"Wewe una mwanasheria?"

Hakuwa na mwanasheria. Alikuwa na mke nyuma ya mlango, anasikiliza, na wote wawili walijua.

"Nilikubeba," Fundi akasema. Alipanga kusema mengine mengi. Njia nzima alikuwa ameyapanga, makali na matamu, lakini yaliyotoka yalikuwa hayo tu, na yalitoka kwa sauti ndogo ya kuomba, sauti ambayo yeye mwenyewe aliichukia.

"Najua, dada," Kitinda akasema. "Nani amekataa?"

Breki hakutaka kusikia. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana, na kutoka huko chini akasema, "Nigombane na mdogo wangu kwa ajili ya mteremko? Mpimaji alisema njia ni moja, ikafuatwa. Mimi changu kimepimwa, nashukuru Mungu."

"Kaka, toka huko tuongee tukiangaliana."

"Kuna oili inavuja, nikitoka itamwagika."

Ni wifi aliyesema lile ambalo wengine walikuwa wanalizungukia. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anachambua mboga, mama mkwe pembeni ananyoosha goti.

"Lakini wifi, si wewe uliyemleta mpimaji? Sisi tulikuwa tumekaa na kamba ya baba, kila mtu na fundo lake, hakuna aliyekuwa na shida. Ungeiacha kamba, kilima kingekuwa chako mpaka leo."

Fundi alikwenda na neno hilo stoo. Alilala nalo usiku ule katikati ya matairi, na usiku uliofuata. Ni kweli kwamba kabla ya Jumanne ile alikuwa na kiwanja, na kwamba alikipoteza siku alipotaka kiwe chake kabisa. Zile mita zilikuwepo. Alikuwa amezikanyaga, amezilima, amezihesabu fundo kwa fundo mbele ya mashahidi. Hakuna aliyezikana. Walikubali wote kwamba zipo, hata mpimaji, na bado hakukuwa na ofisi popote ya kwenda kudai kitu ambacho kila mtu anakubali kipo.

Aliacha kupeleka matofali. Kisha akaanza kupanda tena, mikono mitupu, asubuhi na mapema, anakaa juu ya rundo lake, anaangalia mabati ya nyumba ya Breki yakitoa moshi wa chai. Watu wa chini hawakumpigia kelele tena. Hiyo ilimuuma kuliko kelele. Mtaa ukinyamaza juu ya mtu, ujue umeshamaliza kumzungumza.

Wateja walimwona amepungua. Alikata gauni la bibi harusi fupi, kwa mara ya kwanza maishani, ikabidi aunge pindo. Tepu ilikuwa inamchanganya. Alikuwa anaizungusha kiunoni mwa mtu, anaona namba, na badala ya kuiandika anabaki ameishika, mtu anajikohoza.

Siku moja Kitinda alikuja na wageni. Fundi alikuwa juu, amekaa kwenye matofali, akawaona wakipanda: Kitinda mbele, na suruali ile ile aliyomshonea, nyuma yake mwanamume mwenye viatu visivyofaa kilima na mwanamke aliyeshika simu juu anatafuta mtandao. Walisimama kwenye mahindi, wakaonyeshana vidole huku na huku. Kitinda alinyoosha mkono kutoka jiwe hadi jiwe. Mkono wake ulipita juu ya kichwa cha Fundi na kwenda mbele.

Wangeweza kuishia hapo, lakini yule mwanamke alitaka kuona mandhari. Wakapanda, wanateleza, wanacheka, Kitinda anamsukuma mgeni mgongoni, kama Fundi alivyomsukuma mpimaji.

"Pana upepo mzuri," mwanamume akasema alipofika, mikono kiunoni, anahema. "Kumbe ni mbali hivi? Kwenye karatasi ilionekana kama hatua tatu."

"Kilima ndivyo kilivyo," Kitinda akasema. Hakumwangalia dada yake.

"Shikamoo, mama," mwanamke akamwamkia Fundi.

"Marahaba."

"Na matofali haya?" mwanamume akauliza, akagonga moja kwa ncha ya kiatu. "Yanakwenda na kiwanja?"

Fundi alimwangalia Kitinda. Hakuwa na hasira tena, alitaka tu kuona jibu lake lingetoka vipi. Aliyaona masikio yake yale yale, yaliyokuwa yanatokeza kando ya mbeleko, yakibadilika rangi.

"Yamo," Kitinda akasema.

"Vizuri. Na huyu mama anakaa hapa?"

"Hapana, huyu..." Akaangalia chini kwenye mahindi. "Huyu ni dada yangu. Anapumzika tu. Anashuka sasa hivi."

Upepo ulikuwa mzuri kweli. Mwanamke alikuwa amepata mtandao, anaonyesha simu yake pande zote nne. Fundi akainuka, akajipangusa vumbi la matofali nyuma ya gauni, akaangalia kama kuna kitu chake chochote alichosahau pale. Palikuwa na beseni tu. Akaliokota.

"Karibuni," akawaambia wageni, kwa sababu alilelewa hivyo.

Akaanza kushuka. Pale pakali ilibidi akae na kuteremka kwa makalio, beseni mapajani, visigino vinatafuta mahali pa kushika, mkono unakamata nyasi, nyasi zinang'oka, mkono unakamata nyingine. Alikuwa ameshapashuka mara nyingi na hapakuwahi kuwa parefu hivi. Juu yake alisikia yule mwanamume anauliza kwani hapa jumla ni hekta ngapi, na Kitinda anamjibu. Chini, barazani, wifi alikuwa amesimama na ufagio, amekinga jicho kwa mkono, anamwangalia anavyokuja.